Dirt Track Racing, na fundi aliyefuta kila kitu bila kuniuliza

"Mzee, si ni gemu tu?"

Maneno hayo niliambiwa na fundi wa kompyuta hapa Arua, Uganda, mkono wake bado umeshika pesa yangu, na ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Mwezi uliopita mngesoma sifa tupu kutoka kwangu. Leo sijui.

Mchezo wenyewe ni Dirt Track Racing wa mwaka 1999. Niliupata Kampala, soko la Owino, ndani ya rundo la CD kuukuu kwa muuzaji wa kompyuta za mitumba. CD ilikuwa na mikwaruzo lakini ilisoma. Nilidhani nimenunua rali. Mimi ni mtu wa kusimama kando ya barabara na kula vumbi Pearl of Africa Rally inapopita, nataka vilima, mabonde na daraja jembamba. Nikafungua nikakuta kiwanja cha udongo cha mviringo, magari yanazunguka, kona zote za kushoto. Nikaona nimetupa pesa.

Ilinichukua siku tatu kuelewa. Gari katika mchezo huu halikati kona kwa usukani peke yake, linakata kwa mguu. Unaingia konani, unaachia mafuta kidogo, mkia unatoka nje, unageuza usukani kulia huku gari linakwenda kushoto, kisha unalishikilia pale pale kwa mafuta. Ukizidisha, linazunguka na wenzako wanakugonga. Ukiogopa ukaachia, linanyooka moja kwa moja hadi ukutani. Aliyewahi kuendesha gari kwenye udongo mwekundu wa kwetu mvua ikiwa imetoka kunyesha anaijua hali hiyo tumboni mwake. Nimecheza michezo ya magari ya miaka ya karibuni yenye picha za kupendeza kuliko huu mara mia, na hakuna uliowahi kunipa hisia hiyo. Siwashangai wachambuzi wa wakati ule walioukuta unauzwa bei ya chini, wakautazamia kidogo, kisha wakausifu kwa jinsi magari yanavyoteleza.

Halafu kuna pesa. Unaanza na akiba ndogo na gari la daraja la chini. Ukigonga, unatengeneza kwa pesa yako. Ukishinda, unapata kidogo, na wadhamini wanakuja polepole, ukionyesha kwamba unaweza. Kupanda kutoka magari ya chini hadi yale ya daraja la juu, yanayoitwa Late Model, kunataka subira. Mtu anajifunza kumwacha mwenzake apite leo ili gari lifike mwisho likiwa na milango yote miwili.

Binti yangu, ana miaka kumi na minne, ndiye aliyekuwa na subira hiyo. Mimi nilikuwa nagonga. Yeye alifungua daftari la shule, upande wa nyuma, akawa anaandika kila kiwanja: springi ngumu au laini, gia ipi, breki za mbele kiasi gani. Tangu nilipomsimulia habari za Susan Muwonge, aliyechukua ubingwa wa rali wa Uganda mwaka 2011 mbele ya wanaume wote, hakuna wa kumwambia kitu. Miezi sita hivi, baada ya kazi za shule, mbio mbili tatu kwa jioni, na mara umeme ukiwa umekatika anakaa na daftari lake anasoma. Akafika Late Model. Alikuwa na akiba na wadhamini, na alilipenda gari lake.

Ndipo kompyuta ikaanza kujizima. Unacheza dakika kumi, inazima, giza. Nikaipeleka kwenye duka moja mjini, silitaji jina. Nilimweleza kijana yule polepole: inajizima yenyewe, ndani kuna picha za familia na kuna kazi ya mtoto, usifute chochote. Akaitikia, "Sawa mzee." Nilikiona kichwa chake kikiinama kukubali. Siku mbili baadaye nikaikuta imefomatiwa, imewekwa Windows upya, safi kama yai, na hati ya malipo ya shilingi 50,000.

Nikamuuliza: na vitu vyetu? Akasema virusi. Nikamuuliza: kwa nini hukunipigia simu? Akatazama pembeni. Nikamwambia kuna kazi ya miezi sita ya mtoto ndani ya mchezo ule. Hapo ndipo akacheka, akasema ni gemu tu. Kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza! Hakusema pole. Neno moja, pole, ambalo hapa kwetu tunampa hata mtu asiyemfahamu aliyejikwaa njiani.

Na tulipofika nyumbani, tukaiwasha, baada ya dakika kumi ikajizima tena.

Fundi mwingine, mzee anayekaa na meza yake karibu na soko, aliifungua mbele yangu, akaonyesha pawa saplai, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme, imechoka na feni imejaa vumbi. Akabadilisha. Basi. Hakikuwa kirusi, hapakuwa na sababu ya kufuta hata faili moja. Alijaribu usiku kucha kurudisha vilivyopotea. Zikarudi picha, karibu nusu. Mchezo haukurudi.

Sasa nirudi kwenye hukumu yangu. Nilipokuwa na hasira nilisema msiuguse mchezo huu, kwa sababu ni wa zamani, kila ulichokipata kinakaa kwenye diski yako na kikifutika hakuna mahali pengine kilipobaki. Wala hakuna wa kumlilia. Waliouunda ni studio ya Ratbag ya Adelaide, Australia. Kampuni ya michezo ya Midway iliwanunua Agosti 2005, na Desemba ya mwaka ule ule studio ikafungwa. Watu waliotengeneza udongo unaoteleza hivi walipewa miezi minne! Nilipolijua hilo hasira yangu juu ya mchezo iliisha. Wao walifanya kazi yao kwa moyo. Aliyekosa ni yule aliyeambiwa asifute akafuta.

Kwa hiyo ninunue tena? Ndiyo. Nampa mtu mwingine ushauri aununue? Ndiyo, ila siku ya kwanza anunue na flashi, anakili folda nzima ya mchezo kila Jumamosi. Hapana, kila jioni. Mchezo una nyota tano kwangu. Lile duka halipati nyota yoyote kwangu, na shilingi 50,000 zangu bado nazidai.

Jana jioni binti yangu ameanza upya, gari la chini kabisa, bila mdhamini. Alifungua daftari, akaweka springi na gia kama alivyoandika, akaenda ukutani kwenye kona ya kwanza. Akarudia, akagonga tena. Akaniita, "Baba, hizi zote ni za Late Model." Nikakaa karibu naye. Akageuza ukurasa mpya, akaandika jina la kiwanja juu, na chini yake akaandika: mkia unatoka mapema.