Duka la filamu la Michenzani, na kilio cha Rambo kilichofunikwa

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa mteja wa duka moja la kujaza filamu lililopo chini ya majumba ya Michenzani, mjini Zanzibar, ambako mtu huenda na flashi yake, akachagua anachotaka kwenye kompyuta na kulipa shilingi 500 kwa kila filamu. Huduma yao naisifu bila ya kusita: kijana anayeuza anaijua shehena yake, na filamu ikigoma kucheza nyumbani, mteja hupewa nyingine bila ya mabishano.

Sehemu kubwa ya shehena hiyo ni filamu za mapigano za Kimarekani za miaka ya 1980, zilizotiwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, na wanunuzi wake wengi ni vijana wa rika la mwanangu, mwenye miaka 14. Hapo ndipo steringi anapotamba, kifua wazi na rashasha mkononi. Wamarekani wamekuwa hodari wa kuuza uanaume kwa sura ya namna hii. Hata sigara ya Marlboro, iliyokuwa ikitangazwa kwa wanawake katika miaka ya 1920, ilipewa sura ya mchunga ng'ombe katika miaka ya 1950 ili wanaume waikubali. Nasi tuliyapokea majina yao mpaka mifuko ya plastiki ikaitwa rambo na malboro.

Filamu niliyoifuata hasa ni First Blood ya mwaka 1982, yaani Rambo ya kwanza kabisa. Aliyeiona ile ya 1985 pekee, ambayo steringi anarudi Vietnam na kuua watu wasiohesabika, bado hajamjua mtu huyu. Rambo wa mwanzo ni askari aliyetoka vitani, asiye na kazi wala makaazi, anayefukuzwa na mkuu wa polisi wa mji mdogo kwa sababu tu ya namna anavyoonekana. Mwishoni, akiwa amezingirwa, anaporomoka mbele ya kamanda wake wa zamani na kulia. Anasimulia jinsi rafiki yake alivyolipuliwa na sanduku la mng'arisha viatu mjini Saigon, na jinsi yeye aliyekabidhiwa vitani mitambo ya mamilioni ya dola asivyoweza nyumbani kudumu hata katika kazi ya kuegesha magari. Kamanda anamkumbatia. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, iliyozaa filamu hiyo, Rambo anakufa. Watengenezaji wa filamu walimwacha hai, na kilio wakakiacha.

Aliyekiondoa ni mtafsiri. Katika nakala niliyouziwa, maneno hayo yote yamefunikwa na sauti yake akipaza kwamba steringi anavuta pumzi na kazi bado haijaisha. Mwanangu akaniuliza kwa nini basi amejifunika uso. Nikaisimamisha filamu, nikairudisha nyuma na kumfasiria mwenyewe, sentensi kwa sentensi, naye akataka tuirudie tena.

Kosa hili naliona kubwa kuliko picha iliyofifia. Babu yake alipozikwa mwaka jana, mtoto huyu aliambiwa na kila aliyempa mkono ajikaze kwa kuwa ni mwanamme, na akajikaza mpaka akashindwa kula, ilhali Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Filamu moja ya ubabe ina steringi anayelia na kukumbatiwa, na hapo hapo ndipo ilipozibwa.

Nilirudi dukani kueleza. Kijana alinisikiliza kwa adabu, akanijazia nakala isiyotafsiriwa bila ya malipo. Mzazi atakayekwenda aiulizie hiyo, kisha akae na mtoto wake na kumfasiria dakika zile za mwisho. Imewekwa kwenye folda ya filamu za zamani, mbali na zile zilizotafsiriwa.