Kuchagua Pikipiki ya Mwendo na Safari Iliyokwisha Kutumika

Anayetafuta pikipiki moja ya kumfikisha kazini siku za juma na kumbeba mamia ya kilomita wakati wa likizo anadai mambo mawili yanayovutana. Safari ndefu inataka kiti kipana, kioo cha kukinga upepo, tangi kubwa na masanduku ya mizigo, lakini kila kimoja kati ya hivyo huongeza kilo, na kilo hizo ndizo zinazomchosha mtu kwenye foleni na kwenye maegesho yenye mteremko. Wanunuzi wengi huchagua wakiwa wanaiwazia ile safari kubwa ya mara moja kwa mwaka, kisha siku nyingine zote wakawa wanasukumana na mashine ya kilo 300. Orodha hii imepangwa kwa kipimo kilicho kinyume cha hicho: iliyo nyepesi kutumia kila siku, na bado ikaweza kusafiri mbali bila kumuumiza mwendeshaji wala abiria wake, ndiyo inayotangulia.

Nguvu ya injini haikupewa uzito mkubwa katika mpangilio huu, kwa kuwa karibu zote zina nguvu za farasi zipatazo 100 au zaidi, na hizo zinatosha kwa watu wawili pamoja na mizigo yao. Suala la mnyororo na shafti, yaani kama nguvu ya injini hufikishwa gurudumu la nyuma kwa mnyororo au kwa mhimili wa chuma unaozunguka, lina maana zaidi. Mnyororo ni mwepesi na rahisi kubadilisha, ila hudai kusafishwa, kupakwa mafuta na kukazwa mara kwa mara, tena ukichakaa hubadilishwa pamoja na sproketi (magurudumu ya meno) zake zote mbili. Shafti haidai zaidi ya kubadilishiwa mafuta kwa wakati, lakini huongeza uzito, na siku ikiharibika gharama yake huwa kubwa. Anayesafiri mara kwa mara kwa siku nyingi mfululizo atafurahia shafti. Anayeendesha kilomita chache kila siku hana sababu ya kuibebea uzito wake.

Nafasi ya kwanza naipa Yamaha Tracer 900, hasa ya kuanzia 2018 katika toleo la GT. Injini yake ya silinda tatu yenye ujazo wa sentimita za ujazo 847 ina msukumo mzuri tangu mizunguko ya chini, na kilo zake ni kama 215, jambo linaloifanya iendeshwe mjini kana kwamba ni pikipiki ndogo. Toleo la kwanza, lililotoka 2015 na kuitwa FJ-09 katika soko la Marekani, lilikuwa na kasoro mbili ambazo mnunuzi hana budi kuzijua: mkono wa mafuta uliojibu kwa ghafla mno, hasa katika mpangilio wa mwendo mkali, na mtikisiko katika kasi kubwa masanduku ya pembeni yakiwa yamefungwa. Mwaka 2018 Yamaha ilirefusha mkono wa nyuma unaoshika gurudumu kwa milimita 60 na kuweka kioo kikubwa zaidi, na pikipiki ikatulia. Toleo la GT liliongezewa kidhibiti mwendo (kinachoshikilia kasi uliyoichagua), vishikio vinavyopashwa joto na kifaa cha kupandisha gia bila kubana klachi. Ukaguzi wa nafasi za valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda, hufanywa kila kilomita 40,000, kipindi kirefu kinachompunguzia mmiliki wa pili gharama nyingi. Tangi lake la lita 18 si kubwa, na kwa kweli hilo ndilo lalamiko pekee ninaloliona kuwa zito. Toleo la kuanzia 2021 lenye injini ya sentimita 890 ni bora zaidi, lakini bei yake pia ni ya juu zaidi.

Ya pili ni Kawasaki Z1000SX, inayoitwa pia Ninja 1000. Hii ndiyo yenye damu ya mbio kuliko zote zilizomo humu: silinda nne, ujazo wa sentimita 1043, mwili ulioinama kidogo mbele lakini si kwa kiwango cha kuumiza viganja. Ilianza 2011, na ya kununua ni ya kuanzia 2014, ilipopata mfumo wa kuzuia tairi kuteleza pamoja na masanduku yanayokaa vizuri mwilini bila vyuma vya kuning'inia. Mwaka 2017 iliboreshwa tena. Injini hii ina sifa ya kuvumilia kilomita nyingi, na mafundi wanaifahamu. Abiria hatapata raha kama ya kwenye Tracer, na ambaye kila safari hupanda na mwenzi wake aipime kwanza akiwa naye.

Nafasi ya tatu ni ya Yamaha FJR1300, na kama safari zako ni ndefu kweli na mjini hupiti sana, ihesabu kuwa ya kwanza. Ilianza kuuzwa 2001 ikiwa na silinda nne za jumla ya sentimita 1298, shafti na tangi la lita 25, na kwa muda wote iliouzwa haikubadilika katika misingi yake. Matokeo yake ni mashine iliyokomaa, yenye vipuri vingi na elimu nyingi juu ya matengenezo yake. Uzito wake unakaribia kilo 290, lakini umewekwa chini vizuri, kwa hiyo ukishaanza kutembea husahaulika. Toleo la 2013 lilipata mkono wa mafuta unaoendeshwa kwa umeme na kidhibiti mwendo. Lile la 2016 likapata gia ya sita, iliyokuwa imeombwa kwa miaka. Katika zile za miaka ya 2006 hadi 2009, kagua swichi ya ufunguo na viungio vya nyaya za umeme zinazokwenda kwenye fremu, kwa maana matatizo yake yanajulikana na mmiliki makini atakuwa ameshayashughulikia. Yapo pia matoleo yasiyo na mkono wa klachi, yanayobadili gia kwa umeme. Hayo yajaribu mwenyewe kwenye mwendo wa polepole kabla ya kukubali bei, kwa sababu kugeuza katika nafasi finyu bila klachi si kila mtu anakuweza.

BMW R1200RT inashika nafasi ya nne, si kwa udhaifu wa safari bali kwa gharama. Kwa kinga ya upepo na starehe ya abiria hakuna inayoishinda. Silinda zake mbili zilizochomoza pembeni humrahisishia fundi kazi ya valvu, ambayo kwenye injini nyingine hudai kuondoa tangi na nusu ya ganda la mwili. Zile za 2005 na 2006 zina mfumo wa breki unaosaidiwa na mota ya umeme. Pampu yake ikifa, ukarabati waweza kula sehemu kubwa ya thamani ya pikipiki, na kwa hiyo naziacha kabisa. Za 2010 hadi 2013 ndizo zenye uwiano mzuri wa bei na ubora. Za kuanzia 2014 zimepozwa kwa maji na zina kasi zaidi, ila za mwaka huo wa kwanza zenye shokapu za kurekebishwa kwa umeme ziliitwa zirudi kiwandani kwa sababu ya shokapu ya nyuma, na muuzaji anapaswa kuonyesha uthibitisho kuwa kazi ilifanyika.

Mwenye mfuko mwembamba atazame Suzuki Bandit 1250S ya kuanzia 2007, au ndugu yake GSX1250FA yenye ganda kamili. Haina mbwembwe, wala haina kifaa chochote cha kujivunia, lakini injini yake ya sentimita 1255 huvuta taratibu na kwa nguvu tangu chini, na bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya nyingine zote hapa. Ningekuwa na fedha kidogo ningeinunua hii nzima nzima kuliko RT iliyochoka.

Honda VFR800 ni pikipiki ninayoipenda kuliko ninavyoweza kuitetea. Ile ya 1998 hadi 2001, ambayo mihimili yake ya valvu huendeshwa kwa gia badala ya mnyororo, ina sauti isiyosahaulika. Kuanzia 2002 iliwekewa VTEC, mfumo unaotumia valvu mbili kwa kila silinda kwenye mizunguko ya chini na nne kwenye ya juu, na ukaguzi wa valvu hizo ukawa kazi ndefu yenye gharama. Wauzaji wengi huuza muda huo unapokaribia. Tatizo lake jingine ni rektifaya, kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri, inayoungua kwa joto, wakati mwingine pamoja na koili za kuzalisha umeme.

Kawasaki 1400GTR na Honda ST1300 ninaziweka mwisho kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba zote zina zaidi ya kilo 300. Ya kwanza ina injini ya sentimita 1352 na nguvu nyingi kuliko zote hapa. Ya pili ina tangi la lita 29, ambalo humchosha mwendeshaji kabla halijaisha. ST1300 na RT zilitumiwa sana na polisi wa Ulaya, na nyingi zimeingia sokoni kutoka huko. Zitambue kwa matundu yaliyozibwa ya taa na redio, na kumbuka kwamba injini iliyokaa ikinguruma kwa saa nyingi kando ya barabara haionyeshi saa hizo kwenye kilomita.

Uamuzi juu ya modeli ukishafanyika, kinachobaki ni hali ya ile pikipiki moja iliyo mbele yako, na hapo ndipo fedha hupotea. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe, kisha ukifika iguse injini. Ikiwa ya moto, kuna jambo la kuwaka kwa shida ambalo hukutakiwa kulisikia. Pima betri kabla ya kuwasha: volti 12.6 au zaidi kidogo ni dalili ya betri nzima. Injini ikizunguka kwa kiasi, volti zipande hadi kati ya 13.5 na 14.5, zisipopanda, mfumo wa kuchaji una ugonjwa.

Tazama vituo vya usukani, yaani vizuizi vinavyoukomesha usipitilize unapogeuzwa, kwenye shingo ya fremu. Vikiwa vimebonyea au vimepakwa rangi upya, pikipiki imeanguka kwa kishindo, hata kama ganda ni jipya linalong'aa. Nyanyua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole: ukihisi kama unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Kwenye zenye shafti, shika gurudumu la nyuma juu na chini na ulitikise. Mlegeo unaohisika kwa mkono ni sababu ya kuita fundi kabla ya kuzungumza bei. Tairi husomwa kwa tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT iliyo ubavuni mwake, ambapo 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019, na zikiwa zimekuwa bapa katikati zitaifanya pikipiki nzuri ionekane mbaya kwenye kona. Unene wa chini unaoruhusiwa wa diski za breki umeandikwa kwenye diski zenyewe.

Kilomita nyingi zisikutishe kuliko inavyostahili. FJR yenye kilomita 80,000 na daftari kamili la matengenezo ni bora kuliko yenye 15,000 iliyolala bandani miaka sita, ambayo petroli yake imegeuka gundi, sili za foki (mpira unaozuia mafuta ya shokapu za mbele yasivuje) zimekauka na mafuta ya breki, yanayopaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, yamekuwa meusi. Linganisha namba ya fremu na hati, uitumie namba hiyohiyo kuulizia kwa wakala iwapo kuna wito wa kiwandani usiotekelezwa, na udai funguo zote, kwa maana 1400GTR huwashwa kwa kifaa cha mfukoni na kukipata kingine ni gharama. Kama ukaguzi wa valvu umekaribia na hakuna risiti ya kuonyesha kwamba umefanywa, gharama yake yote iondolewe kwenye bei kabla hamjashikana mikono.