Dawa za mimea kwa bustani ya mboga: ipi ununue kwanza

Kama una matuta ya mchicha na bilingani, Kizimbani au Konde, Zanzibar, na viwavi wameshaanza kutoboa majani, pesa ya kwanza itoe kwa mafuta ya mwarobaini. Hayaui haraka, na hapo ndipo wengi hulalamika. Kiini chake, azadirakitini, humkatisha kiwavi hamu ya kula, kisha huvuruga homoni za kujivua gamba, akashindwa kukua. Kesho yake utamkuta bado hai palepale, ila jani haliliwi tena. Basi kagua majani, usitafute maiti.

Dukani omba kizibo kifunguliwe, unuse. Mafuta mazuri ni ya kahawia na yananuka kwa ukali, karibu na kitunguu saumu. Yakiwa maangavu na hayana harufu, yamesafishwa mpaka kiini kimetoka. Uliza kama yamekamuliwa kutoka kwenye mbegu, maana majani hayafikii nguvu yake. Chupa iliyopangwa juani mezani iache hapohapo. Jua na joto huiharibu dawa. Tia mililita 5 kwa lita ya maji, na sabuni ya maji kidogo ili yachanganyike. Nyunyiza jioni, rudia baada ya wiki. Mtoto akiyanywa ni sumu, kwa hiyo yasikae jikoni.

Ya pili ni pareto, ua linalolimwa nyanda za juu kusini, Mbeya na Iringa. Hii ni ya mwenye haraka: hushambulia neva, mdudu huanguka papo hapo. Jua huimaliza upesi, na haichagui. Nyuki na samaki hufa pia. Kantangaze, kiwavi mharibifu wa nyanya, akishajichimbia ndani ya jani la mnyanya haimfikii. Lebo ikiandikwa permethrini au saipamethrini, umeuziwa dawa ya kiwandani, si ua.

Mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), yale ya Wawi, Chake Chake, Pemba, nayaweka ya tatu, tena kwa ghala tu. Yujenoli, kiini cha karafuu kilichomo, huunguza majani mabichi. Matone machache kwenye pamba, ndani ya pipa lililofungwa vizuri, husaidia kuzuia fukusi kwenye mbegu za kunde. Kunde za kula usizitie, zitanukia karafuu mpaka sahanini.

Pilipili ya kunyunyiza usinunue; saga mwenyewe. Tumbaku ndiyo usiiguse kabisa: nikotini hupenya ngozi ya anayenyunyiza, na majani yake huweza kubeba virusi vya mozaiki mpaka kwenye nyanya na pilipili zako.