Vitabu vya fikra chanya: nilivyoviona mimi, Muislamu wa Unguja

Machi 2020 wageni walikatika Zanzibar kwa korona, na hoteli ya Kaskazini niliyokuwa nikifanyia kazi mapokezi ikatufunga mlango bila ya kutaja siku ya kurudi. Ndio wakati simu yangu ilipojaa vitabu. Kila rafiki ana PDF yake ya kunitumia, kila mmoja anaapa kuwa hiki ndicho kilichombadilisha. Tokea hapo nimesoma vingi, vya Wamarekani na vya masheikh, na haya ni maoni yangu kwa anayetaka kuvitolea pesa au muda wake.

Nianze na kilichovuma kuliko vyote, The Secret cha Rhonda Byrne, kilichotoka 2006. Kinasema ulimwengu una kanuni ya mvuto: unachokifikiria sana ndicho kinachokujia. Hatua ni tatu: omba, amini, pokea. Muislamu anadanganyika haraka hapa, maana mbili za mwanzo anazijua tangu chuo cha Qur-ani. Ipo Hadithi qudsi, yaani maneno ya Mungu aliyotusimulia Mtume, imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu yuko vile mja wake anavyomdhania. Basi mtu anasema, ah, ni yale yale.

Si yale yale. Katika kitabu kile anayeombwa ni ulimwengu, na ulimwengu hauna hiari, huitika tu. Sisi Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad, kuwa dua isiyo na dhambi wala kukata udugu hujibiwa kwa moja kati ya matatu: mtu apewe hapa duniani, awekewe akhera, au aepushwe na shari mfano wa kile alichokiomba. The Secret inalijua moja tu, na usipolipata kosa ni lako, hukuamini vya kutosha. Hapo ndipo nilipokifunga. Mtu kaachishwa kazi kwa maradhi ya dunia nzima, aambiwe kayavuta mwenyewe kwa mawazo yake? Na mtoto anayezaliwa na sikoseli, maradhi ya damu ya kurithi, yeye alifikiria nini tumboni mwa mama yake?

Mama yangu anakaa Wete. Nilimsimulia habari ya kubandika ukutani picha za vitu unavyovitaka, gari, nyumba, ukawa unazitazama kila asubuhi. Akaniuliza, "Mwanangu, na mkarafuu nao wabandikwa picha?" Anayeijua Pemba atacheka. Mkarafuu hauna mavuno sawa kila mwaka. Msimu huu matawi yameinama, ujao huna cha kuchuma. La mtu ni kupalilia, kupanda mtini, kuchambua makonyo, kuanika, na kuikimbilia karafuu jamvini wingu likifunga. Yaliyobaki hayamo mikononi mwake. Hiyo ndiyo tawakkul, kumtegemea Mungu, niliyolelewa nayo, ya yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha ndio ategemee.

Dale Carnegie, mwandishi wa Kimarekani, ni mtu mwengine kabisa. Kitabu chake cha kuacha wasiwasi, How to Stop Worrying and Start Living, ni cha 1948, na mpaka leo kina faida kwa sababu kinakupa cha kufanya. Mimi nilitumia njia anayoinasibisha na Willis Carrier, mhandisi wa mitambo ya kupoza hewa: jiulize baya kubwa linaloweza kukufika ni lipi, likubali moyoni, halafu utulie uanze kulipunguza. La kwangu niliandika nyuma ya risiti: kodi ya chumba changu cha mtaa wa Amani itanishinda, nitarudi Wete kwa mama. Nikayatazama maandishi yale. Kumbe baya lenyewe ni kula muhogo na samaki wa mama! Nikauza friji, nikahamia kwa kaka yangu Chuini, nikaanza kupeleka samaki majumbani kwa vespa.

Na Carnegie huyo huyo alisomwa na Sheikh Muhammad al-Ghazali wa Misri, aliyefariki 1996 (al-Ghazali aliyeandika kitabu cha Ihya ni mwengine, wa karne nyingi nyuma). Akaandika chake, Jaddid Hayatak, yaani "yafanye upya maisha yako", akiyachukua mawazo ya Mmarekani na kuyaweka mbele ya Qur-ani na Hadithi. Ustadhi wetu alitufasiria sehemu zake baada ya sala ya Alasiri. Carnegie anasema ishi ndani ya siku yako. Sheikh analeta Hadithi ya Tirmidhi, kwamba anayeamka salama, mwili una afya, na chakula cha siku yake anacho, ni kama aliyekusanyiwa dunia nzima. Nilichokipenda khasa ni kuwa sheikh hana choyo. Hamgombezi Carnegie. Anaona mtu aliyetafuta kwa akili na uzoefu akafika karibu na maumbile aliyotuumbia Mola, basi anampa haki yake. Kati ya vyote nilivyosoma, hiki nakiweka juu.

La Tahzan cha Dk. Aaidh al-Qarni, "usihuzunike", ndicho utakachokikuta katika nyumba nyingi. Ni vipande vifupi vifupi: aya, Hadithi, beti za mashairi, visa vya wema waliotangulia, na hata maneno ya wazungu, Carnegie akiwemo. Kukisoma mfululizo kinachosha, kinajirudia mno. Fungua popote kabla ya kulala, soma kurasa mbili, funga. Kwa matumizi hayo kizuri.

Tatizo langu ni namna tunavyokigawa. Jirani yangu alifiwa na mtoto, na kabla ya arubaini alishaletewa nakala na zaidi ya mtu mmoja, wote na nasaha ile ile: huzuni ni udhaifu wa imani. Nani kasema? Nabii Yaaqub macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, na Qur-ani haikumtoa katika wenye subira. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhi Mola wetu. Aliyefiwa mpelekee chakula, mkalie kitako. Kitabu kitamkuta baadaye.

Kuna huzuni nyengine isiyo na sababu unayoweza kuitaja: usingizi hauji, chakula hakipiti, na hapana lililokusibu. Hapo usinunue kitabu, nenda kwa daktari. Watu wetu wanaona haya kuonekana kwenye lango la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, lakini tabibu wetu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 934, alishaipambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana inayotoka mwilini, na hii ya pili akaielekezea matibabu ya mwili. Sehemu ya nafsi ya kitabu chake imefasiriwa kwa Kiingereza na marehemu Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan, kwa jina la Sustenance of the Soul. Ni chembamba. Unakimaliza katika safari ya meli, Unguja mpaka bandari ya Mkoani, Pemba, kama bahari imetulia.