Pangaboi la inchi 56 sebuleni kwangu: mota safi, regyuleta ya kutupa

Jibu la haraka kwa wenye haraka: pangaboi ni zuri, linunue, ila regyuleta inayokuja nalo ndani ya boksi, kile kidude cha ukutani cha kubadilisha kasi, mwachie muuzaji. Nalipa nyota nne. Ya tano imeliwa na hiyo regyuleta.

Nililinunua Kariakoo, upande wa Gerezani, kwa elfu sabini kasoro baada ya kuvutana sana bei. Ni la kawaida kabisa: mapanga matatu, wati 75, halina taa wala rimoti. Pale dukani nilipewa mawili niyapime kwa mkono, sura moja, rangi moja, lakini moja jepesi waziwazi. "Dada, hilo jepesi koili zake, zile nyaya zilizosukwa ndani ya mota, ni aluminiamu, za hili ni kopa, yaani shaba. Beba hili," akaniambia muuzaji. Mimi siwezi kufungua mota dukani nikahakikisha, lakini kwa vitu vya mota naamini uzito kuliko boksi lenye picha ya nyumba ya Ulaya. Nikabeba zito.

Kwa joto la kaskazi la hapa Dar, lile la Januari na Februari ambapo hata usiku ukuta unatoa moto, limenitosha. Likiwa namba tano pazia linapepea na gazeti mezani lazima uliwekee kikombe juu. Kelele ni ya upepo tu.

Kwenye kufunga, silingi yetu ni jipsamu, na jipsamu haibebi pangaboi. Fundi alipanda darini akafunga ndoano kwenye boriti, akapitisha bolti na ile raba yake, halafu kotapini, ile pini ya miguu miwili inayozuia bolti isichomoke, na miguu yake akaipanua huku na huku kwa plaizi. Simama hapohapo chini uione ikipanuliwa, maana pangaboi hutikisika kutwa na bolti isiyo na pini hulegea kidogo kidogo. Mapanga yasiwe chini ya mita 2.3 kutoka sakafuni. La kwangu liko juu zaidi ya hapo kwa sababu nina vijana warefu wanaovaa fulana wakiwa katikati ya sebule.

Waya ndipo palipokuwa na maneno. Nyumba yetu imejengwa kwa awamu, kwa hiyo upande mmoja una waya za zamani, nyekundu ya moto (inayoleta umeme) na nyeusi ya nyutro (inayourudisha), na upande ulioongezwa una kahawia na bluu. Kijani, au kijani yenye mstari wa njano, ndiyo ya arthi. Fundi wangu wa kwanza alitaka kuikata nyutro pale swichini, eti ndiyo iliyo karibu. Nikakataa. Ukikata nyutro, pangaboi linasimama kweli, lakini moto umebaki umekaa kwenye mota ukimsubiri atakayepanda ngazi kufuta vumbi. Moto ndio upite swichini, uende kwenye regyuleta, ndipo upande juu. Nyutro inakwenda moja kwa moja. Akanuna, akafanya.

Likafanya kazi vizuri hadi mvua za masika zilipokaribia, ndipo jioni likaanza kuzunguka kivivu. Kabla hujaita mtu, tazama taa kama nazo zimefifia. Kwetu ikifika saa mbili usiku umeme unakuwa mdogo, kila nyumba imewasha jiko, pasi na friji. Nguvu ya mota ya aina hii hushuka kwa kasi kuliko umeme wenyewe: umeme ukipungua kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya kuzungusha hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Pangaboi linalolegea saa mbili usiku na kuchangamka saa saba za usiku halina ugonjwa.

La kwangu lakini lilikuja kugoma hata asubuhi. Unawasha, linanguruma "mmmm", halisogei. Ukilisukuma panga kwa mpini wa ufagio, linaanza, tena linakubali kuzunguka upande wowote uliolisukumia. Fundi alisikiliza ule mngurumo, akatingisha kichwa kama daktari: "Mama, mota imekwisha hii. Tuishushe ikasukwe." Bei aliyoitaja ya kusuka ilikaribia ya pangaboi jipya.

Mota iliyoungua haizunguki ukiisukuma, na mara nyingi hunuka. Inayonguruma na kukubali ikisukumwa, itazame kwanza kapasita, kile kifaa kidogo kinachohifadhi umeme. Ndani ya mota kuna koili mbili, ya kuendeshea na ya kuanzishia, na kapasita inakaa kwenye njia ya ile ya kuanzishia ili zisivute kwa pamoja. Tofauti hiyo ya wakati ndiyo inayoipa mota mwelekeo. Kapasita ikifa, koili moja inavuta peke yake na mota haijui iende wapi. Ikiwa imechoka tu, pangaboi huzunguka ila polepole, hata namba tano.

Tukazima meini swichi, si swichi ya ukutani pekee. Fundi akashusha kile kikombe cha juu kinachoziba ndoano, na kapasita ikaonekana: kiboksi cheusi cha plastiki kidogo kuliko kiberiti, ubavu mmoja umevimba, kimeandikwa 2.5 µF na 440 V. Miguu yake akaiunganisha kwanza kwenye balbu ya zamani ya uzi ili umeme uliobaki uishe, kwa sababu kapasita inaweza kukurusha hata kama nyumba nzima imezimwa. Mpya nilinunua kwa bei ya chapati chache. Tulipowasha lilizunguka bila kusukumwa na mtu, na habari ya kusuka mota haikutajwa tena.

Dukani wapo watakaokushawishi uchukue kubwa, 3.5 au 4, eti upepo utaongezeka. Kweli kasi inaweza kupanda, lakini koili nayo inachemka. Rudisha namba ileile iliyokuwepo.

Sasa regyuleta. Ya kwenye boksi ilikuwa ya elektroniki, ya bei rahisi, na kwenye namba moja na mbili pangaboi lilikuwa linalia kama nyuki ndani ya chupa. Uso wake ukawa unapata joto, na balbu za LED za sebuleni zikaanza kupepesa. Kujua kama kosa ni lake, meini ikiwa imezimwa, fundi aliziondoa waya zake mbili akaziunganisha pamoja kwa konekta, kisha akawasha. Pangaboi likaenda mwendo wa mwisho, kimya. Hukumu ikapita. Niliweka ya hatua nne inayotumia kapasita badala ya ile ya elektroniki: haina mlio, haichemki, ila haina zile hatua ndogondogo za katikati. Mimi sizihitaji.

Kuyumba nako kulitokea, nikalimaliza bila fundi. Pima kwa tepu kutoka silingi hadi ncha ya kila panga. Panga lililotofautiana kaza skrubu zake au lirudishe taratibu kwa mkono. Na ufute vumbi, jamani, vumbi la Dar lina uzito.

Upande wa LUKU: wati 75 kwa saa kumi ni robo tatu ya uniti, kwa siku 30 ni uniti 22.5. Kwa sisi tulio kwenye tarifa ndogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu theluthi ya mgao, na ukivuka kikomo uniti zinazozidi hupanda bei. Namba moja hupunguza matumizi ukiwa na regyuleta nzuri. Zile za zamani kabisa za kupunguza kwa ukinzani huokoa kidogo, sehemu kubwa huigeuza joto ukutani.

Kwa hiyo chumbani, ambako linawaka usiku kucha, natafuta lile la mota ya BLDC (mota isiyo na brashi, inayoendeshwa na sakiti yake ya elektroniki), lenye rimoti, linalokula wati kama 30 na kitu tu. Bei yake ni kubwa kuliko hili. Ukinunua la aina hiyo usilipitishe kwenye regyuleta ya ukutani hata kama ipo tayari, linataka umeme kamili kutoka swichini, kasi inapunguzwa na mtambo wake lenyewe. Aliyelitumia zaidi ya mwaka aniambie kuhusu upatikanaji wa rimoti ikipotea, maana kwangu wapo watoto.