Uzoefu wangu: darasa la wanawake la kuvua kwa nzi wa bandia

Mwanamke anayetamani kujifunza kuvua kwa nzi wa bandia, yaani kunasa samaki kwa chambo chepesi kilichotengenezwa kifanane na mdudu, lakini anasitasita, mimi namshauri atafute darasa la wanawake linalofundishwa na mwanamke. Nimemaliza darasa la aina hiyo hivi karibuni na nimeridhika, hasa kwa jinsi tulivyofundishwa.

Nilishawahi kufundishwa na jamaa anayejua sana kuvua. Kila mshipi (uzi wa kuvulia) ulipojifunga, alinipokonya fimbo ya kuvulia akaniambia nitazame. Basi nikabaki mtazamaji. Mwalimu wa darasa hili la wanawake hakuichukua fimbo yangu hata mara moja. Aliniuliza kwanza, "Dada, naweza kukushika mkono?" Nilipokubali, akaweka kiganja chini ya kiwiko changu. "Simamisha hapo. Sasa subiri."

Huko kusubiri ndiko kugumu kuliko yote. Katika uvuvi wa ndoana tuliouzoea, uzito wa chubwi au chambo ndio unaouvuta mshipi. Nzi wa bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana ndogo, hana uzito wa maana. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umetengenezwa uwe mzito kiasi. Ukiurusha nyuma, uache ujikunjue wote hewani ndipo ulete fimbo mbele. Ukiwahi, fimbo haipindi vizuri na mshipi unaanguka rundo mbele yako. Mwalimu alitutaka tugeuze shingo tuutazame ukijikunjua mgongoni, na hapo ndipo mkono wangu ulipoanza kushika mwendo. Ukifikiria uso wa saa, fimbo itembee kati ya saa nne (namba 10) na saa saba (namba 1), na kila upande isimame ghafla.

Mazoezi ya mwanzo yalikuwa kwenye majani, si mtoni, na mwisho wa mshipi tulifunga kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoana. Kwa hiyo hakuna aliyeogopa kujichoma wala kumchoma mwenzake. Hata hivyo miwani na kofia vilikuwa lazima tangu dakika ya kwanza, na hilo nalisifu.

Suala la nguvu pia alilimaliza mapema. Kidole gumba juu ya mpini, mkono ulegee, kasi iongezeke polepole mpaka kusimama. Alitutajia Joan Wulff, bingwa wa kurusha mshipi wa Marekani, ambaye mwaka 1951 alishinda shindano la kurusha mbali ambalo wapinzani wake wote walikuwa wanaume, na mwaka 1960 akarusha umbali wa futi 161, yaani karibu mita 49. Kundi zima liliacha kusema "mimi sina misuli."

Mtoni tulifundishwa kukaza mkanda wa ovaroli la kuzuia maji ili ukianguka maji yasijae miguuni, kusimama ubavu ukielekea mkondo unakotoka, na kupapasa chini kwa mguu kabla ya kuuegemea. Akatueleza waziwazi, bila kuona haya, namna ya kwenda haja ukiwa umevaa ovaroli hilo. Mwalimu gani mwingine angekumbuka? Trauti, samaki wa maji baridi tuliyekuwa tukimvua, hukaa akielekeza kichwa mkondo unakotoka, kwa hiyo tulimnyemelea kwa nyuma. Nilipompata wa kwanza, mwalimu alisimama pembeni akaniacha nimlete mwenyewe. Nikalowesha mikono kwanza, maana mikono mikavu humtoa ute unaomkinga, nikaitoa ndoana isiyo na kijino yeye akiwa bado majini. Alitulia kidogo kiganjani, akapiga mkia, akaenda. Nililia, na sioni haya kulisema.

Kasoro zipo. Ovaroli na buti za kuazima zilikuwa za vipimo vya kiume: mguu wangu ulikuwa ukicheza ndani ya buti, na juu ya mawe yenye utelezi hiyo ni hatari kweli. Darasa la wanawake lisiwe na buti za wanawake? Mafundo nayo yalipitishwa mbio mno. Tulionyeshwa kulilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu msuguano hutoa joto linalodhoofisha uzi, lakini wengi wetu tulihitaji muda zaidi wa kufunga wenyewe.

Ukitaka kujiandikisha, uliza mapema kama wana buti za saizi yako. Ngazi ya pili nimeshailipia, na safari hii nakwenda na buti zangu.