Strava: daftari zuri, jirani mbaya

Kama daftari la mazoezi, Strava, programu ya simu ya kurekodi mbio, ni vigumu kuikosoa. Inarekodi njia, umbali, muda na mwinuko, inapokea taarifa kutoka karibu kila saa ya michezo inayouzwa, na toleo la bure linamtosha mkimbiaji wa kawaida. Kasoro iko kwenye ukurasa wa mwanzo, ule unaokuonyesha wenzako wamekimbia nini asubuhi. Hapo daftari linageuka jirani anayechungulia sufuria za watu.

Namba za pale hazilinganishiki, na wengi hawajui kwa nini. Kasi unayoiona kwenye mbio za kawaida hutokana na muda wa kusogea. Ukisimama kusubiri magari, ukinywa maji, ukipiga picha, muda huo hauhesabiwi. Aliyetumia dakika 52 kukimbia kilomita 10 na dakika 9 kusimama atasomeka dakika 5:12 kwa kilomita, sawasawa na aliyekwenda mfululizo. Mbio zilezile zikiwekewa alama ya "Race" (mashindano) zinahesabiwa kwa muda wote, naye anasomeka 6:06. Hajachoka ghafla siku ya mashindano. Ni kipimo kimebadilika.

Halafu kuna GPS. Chini ya miti ya msitu wa Karura, Nairobi, au katikati ya maghorofa ya Posta, Dar es Salaam, mstari wa njia unayumba kama mlevi, na umbali nao unaongezeka au kupungua. Kuna pia anayesahau kubonyeza kitufe cha kumaliza, akapanda bodaboda kurudi nyumbani, na jioni akakuta ni bingwa wa mtaa. (Kipande hicho kinakatwa kwa kuhariri mwisho wa mbio, na ni uungwana kukikata kabla mtu hajakuripoti.)

Mahali nako kuna hesabu yake. Iten, Kenya, iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyembamba. Dar es Salaam hewa ni nzito ya kutosha, lakini joto na unyevu vinapandisha mapigo ya moyo hata kwa mwendo mdogo. Dakika 6 kwa kilomita za Iten na dakika 6 za Dar ni kazi mbili tofauti. Strava ina hesabu ya kurekebisha kasi kwa mlima na mteremko, ila kasi ya kwenye ukurasa wa mwanzo haimtofautishi aliyekimbia saa 11 alfajiri na aliyechomwa na jua la saa 4.

Kibaya zaidi ni segimenti, vile vipande vya njia ambavyo watumiaji wenyewe huvichora na watu wakapangwa kwa muda. Chukua kimlima cha mita 400. Mmoja anatembea hadi chini yake, anapumua, anafyatuka, anafika juu na kushika magoti. Mwingine anakipita akiwa kilomita ya 14 ya mbio ndefu. Orodha inawapanga kana kwamba wamefanya jambo moja, na huyu wa pili ndiye anayekwenda kulala akijiona mzito.

Hapo ndipo siku nyepesi zinapokufa. Anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 60 anapaswa kukimbia siku zake nyepesi kwa takriban 7:00 hadi 7:30, mwendo wa kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Lakini 7:20 haipendezi mbele ya watu, basi anasukuma hadi 6:20. Si mwepesi tena, wala si mkali wa kumjenga. Moyo na pumzi huzoea ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana anayejiona yuko fiti kabisa ndiye anayeanza kulalamikia muundi, kisha kano ya kisigino. Ukipaona mahali kwenye mfupa wa muundi panapouma ukipabonyeza kwa kidole kimoja, acha kukimbia na umwone daktari.

Orodha ya wiki ya klabu inachochea zaidi, kwa kuwa inapanga kwa kilomita. Tazama maegesho ya magari klabu za joging zinapomaliza Jumamosi: mtu mzima, saa inasoma 9.87, anazunguka magari matatu hadi itimie 10.00.

Dawa yake ni dakika tano za kurekebisha mipangilio. Mbio nyepesi ziweke "Only You" (wewe tu unaziona): zinabaki kwenye jumla yako lakini haziingii kwenye orodha za segimenti. Ukitaka wenzako wazione, hariri mbio na ufiche kasi na mapigo ya moyo, wabaki na ramani na umbali. Yule ambaye kila ukiona mbio zake unavaa raba kwa hasira, nenda kwenye wasifu wake umnyamazishe. Hataarifiwa, na urafiki unabaki. Ficha pia mwanzo na mwisho wa njia, hasa kama unatokea nyumbani, maana ramani ya wazi inaonyesha geti lako na saa unayotoka. Kwenye saa yenyewe, weka mapigo ya moyo mbele na uondoe kasi siku za mbio nyepesi.

Kulipia? Tangu Mei 2020 orodha kamili za segimenti ni za wanaolipa, wa bure wanaona 10 bora tu. Kwa anayesumbuliwa na kujilinganisha, hilo ni punguzo la bei. Lipa kama unahitaji kupanga njia katika mji mgeni au kuchambua mazoezi yako ya miezi iliyopita. Kama sababu ni kujua umeshika nafasi ya 214 kwenye mlima wa mtaani, nunua soksi nzuri za kukimbilia.